Maksi 29 na maksi 26: mtoto kashuka kweli?

Mwezi wa sita mwanzoni, baridi ya huku Mbeya imeshaanza kung'ata, mama mmoja anayeuza mchele Mwanjelwa alinifuata shuleni na ripoti mbili za binti yake wa darasa la sita. Hisabati ya mwezi wa tatu alipata 29 kati ya 50, ya mwezi wa tano kapata 26. Nafasi ya 27 mpaka nafasi ya 36 kwenye darasa la watoto 60. Mama hajalala, akaniambia wazi, "Mwalimu, mtoto anaporomoka, baba yake kasema tumtoe tumpeleke bodingi Iringa, hela ya ada tutauza hata shamba la viazi kule Uyole."

Yani shamba liuzwe kwa sababu ya maksi tatu.

Nikamuuliza, mama, gunia la mchele wa Kyela likija pale dukani unajuaje kama ni mzuri kabla hujalifungua? Akanishangaa, "Si nachoma bambo mwalimu," kile chuma chenye mfereji cha kuchotea mchele kidogo kutoka ndani ya gunia. Mara moja? "Aaah, mara moja utaliwa, juu wanakuwekea punje nzuri chini chenga tupu, nachoma juu, kati na chini, alafu naangalia mkononi." Na gunia hilohilo ukichoma leo ukachoma na kesho, unapata mchele uleule mkononi? Akacheka, "Haiwezekani, chenga zitazidi kidogo ama zitapungua kidogo, ila gunia ni lilelile."

Hapo ndo penyewe. Mtihani ni bambo. Kichwa cha mtoto ni gunia. Maswali 50 ni ule mchele kidogo uliotoka kwenye bambo, sio gunia zima. Hisabati ya darasa la sita ina mamia ya maswali ambayo mwalimu angeweza kuuliza, mimi nikachagua 50. Ningechagua 50 mengine ya mada zilezile na ugumu uleule, mtoto yuleyule, siku ileile, asingepata 29 tena, angepata 27, au 31, au 25. Hajajifunza wala hajasahau chochote, nimechoma sehemu ingine tu.

Nimeamua kuandika hii kitu kwa urefu kwa sababu wazazi wengi, na walimu wenzangu wengi pia, tunaisoma maksi kama vile imepimwa na mzani wa duka la dhahabu. Na ukweli ni kwamba kosa la kipimo linaweza kukadiriwa, kwa kalkuleta ya simu, kwa mtihani mmoja tu ulioshafanyika. Hatulikadirii tu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza, alionyesha kwamba vipimo vikiwa na makosa ndani yake, uhusiano kati ya vitu unavyopima unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na akaonyesha namna ya kurekebisha. Kutoka hapo ikajengwa ile njia ya kuangalia maksi ambayo inatumika mpaka leo: maksi unayoiona ni maksi ya kweli ya mtoto kuongeza kosa. Maksi ya kweli maana yake ni wastani ambao mtoto angepata kama tungempa mitihani ya aina hiyo mingi mingi bila kuchoka wala kujifunza kitu katikati. Hatuwezi kuiona hata siku moja, tunachoona ni 29. Kosa lenyewe saa ingine linaongeza saa ingine linapunguza, halina upande.

Sasa tutajuaje ukubwa wa kosa kama maksi ya kweli hatuioni? Hapa ndo watu huwa wanakwama na hapa ndo patamu. Chukua karatasi za darasa lako, kila mtoto mpe maksi za maswali ya namba witiri peke yake, 1, 3, 5, alafu maksi za shufwa peke yake, 2, 4, 6. Umepata mitihani miwili midogo iliyofanywa na mtoto huyohuyo saa hiyohiyo. Kama mtihani unapima vizuri, aliyefanya vizuri kwenye witiri atafanya vizuri na kwenye shufwa. Kama witiri kapata 18 na shufwa kapata 9, na darasa zima liko hivyohivyo hovyo hovyo, basi ujue maksi zako nyingi ni upepo. Huo uhusiano unakokotolewa ukatoka namba kati ya 0 na 1, na kwa sababu nusu ya mtihani inapima vibaya kuliko mtihani mzima, kuna kanuni ya kuinua kutoka nusu kwenda mzima, iliyotolewa mwaka 1910 na Spearman na mwenzake William Brown, kila mtu kivyake, mwaka mmoja. Tuseme nusu mbili zimekubaliana kwa 0.7, unazidisha mara mbili unapata 1.4, unagawanya kwa 1.7, jibu 0.82. Hiyo 0.82 ndo inaitwa uthabiti wa mtihani. Ukitoa 1 maana yake hakuna kosa kabisa, ukitoa 0 maana yake ungetupa sarafu tu.

Mtu atasema mimi sina muda wa kugawa witiri na shufwa kwa watoto 60. Sawa. Mwaka 1937 Wamarekani wawili, Kuder na Richardson, waliandika makala yenye kanuni nyingi, na kanuni ya 20 na ya 21 ndo zilizobaki midomoni mwa watu mpaka leo, zinaitwa kwa hizo namba. Ya 20 inataka ujue kila swali limepatwa na watoto wangapi. Ya 21 ni rahisi, inataka vitu vitatu tu: idadi ya maswali, wastani wa darasa, na mtawanyiko wa maksi, yani maksi za watoto zimekaa mbali kiasi gani na wastani, ile namba inayotoka kwenye kibonye cha sigma. Inafaa mtihani ambao kila swali ni kupata au kukosa. Lee Cronbach mwaka 1951 akaipanua hiyo njia kwa maswali yenye maksi nyingi, ndo ile alfa ambayo watu wa vyuo wanaitaja kila siku kwenye tafiti zao.

Twende na darasa la huyu binti. Maswali 50, wastani 28, mtawanyiko 8. Wastani 28 zidisha na zilizobaki kufika 50, yani 22, unapata 616. Mtawanyiko 8 zidisha 8 ni 64, zidisha na 50 ni 3,200. Gawa 616 kwa 3,200, inatoka 0.19 na kidogo. Toa kwenye 1, inabaki 0.81 hivi, alafu zidisha kwa 50 gawa kwa 49, inafika 0.82. Kanuni ya 21 huwa inapunja kidogo pale maswali yanapopishana sana ugumu, kwa hiyo uthabiti halisi unaweza kuwa juu zaidi kidogo, lakini kwa kazi ya darasani inatosha.

Uthabiti wenyewe haumsaidii mama wa Mwanjelwa. Kinachomsaidia ni hatua ya mwisho. Toa 0.82 kwenye 1 inabaki 0.18, tafuta kipeo chake cha pili ni 0.42, zidisha na mtawanyiko 8, unapata 3.4. Hiyo 3.4 ndo kosa la kipimo kwa maksi za hilo darasa. Maana yake kwenye kila watoto 100, kama 68 maksi zao zimekaa ndani ya maksi 3.4 kutoka kwenye maksi yao ya kweli, juu ama chini, na ukitaka uwe na uhakika wa kama 95 kati ya 100 unaenda mara mbili yake, karibu maksi 7.

Kwa hiyo 29 ya mwezi wa tatu ni 22 mpaka 36. Na 26 ya mwezi wa tano ni 19 mpaka 33. Angalia zinavyopandana. Na kumbuka kwa viwango vya darasa la saba, 31 mpaka 40 ni B, 21 mpaka 30 ni C, 11 mpaka 20 ni D, yani hiyo 26 peke yake inagusa herufi tatu. Mtoto wa 30 na mtoto wa 31, mmoja ripoti imeandikwa C mwingine B, nyumbani mmoja kanunuliwa soda mwingine kanuniwa, na mtihani wenyewe hauna uwezo wa kuwatofautisha hata kidogo.

Tena ukilinganisha maksi mbili kosa linakua, halipungui, kwa sababu zote mbili zina kosa lake. Unazidisha 3.4 kwa 1.41 unapata 4.8. Ukitaka kusema kwa kujiamini kwamba mtoto huyu kashuka kweli kati ya mitihani miwili ya namna hii, unahitaji tofauti ya karibu maksi 10 kati ya 50. Yeye ana tofauti ya 3.

Mbona nafasi imeshuka kwa watu tisa? Hapa wazazi wanaumizwa sana na nafasi. Watoto wengi wamejazana katikati, kwenye darasa la 60 lenye mtawanyiko wa 8, maksi tatu pale katikati zina watoto kama tisa ndani yake. Mtoto akiteleza maksi tatu anapitwa na tisa, wa kwanza akiteleza maksi tatu huenda asipitwe na mtu. Nafasi inachukua kosa dogo inalipigia tarumbeta, na kwa kweli mimi ningekuwa na mamlaka ningeifuta kwenye ripoti za watoto wote kesho asubuhi.

Kuhusu testi za Ijumaa zile za maswali kumi. Ile kanuni ya Spearman na Brown inafanya kazi na kinyumenyume, ukifupisha mtihani inakuambia uthabiti unashuka mpaka wapi. Mtihani wa maswali 50 wenye 0.82, ukiukata ukabaki maswali 10 ya aina ileile, uthabiti unaanguka mpaka 0.48. Yani zaidi ya nusu ya tofauti unayoiona kati ya watoto kwenye testi ya maswali kumi ni kosa, sio ujuzi. Na ndo hizohizo tunazotumia kupanga nani akae mbele, nani afungiwe mapumziko. Testi ya kumi ni nzuri sana kujua darasa limeelewa mada ya sehemu, zile kama 3/4, au halijaelewa, ni mbaya kwa kumhukumu mtoto mmoja.

Alafu kuna kubahatisha, ile ana ana ana do ya kufumba macho na kuweka kidole kwenye herufi. Maswali 50 yenye herufi A mpaka E, mtoto asiyejua chochote atapata kama 10 kwa bahati tupu, wengine 7 wengine 13, na wachache watafika hata 15. Kwa hiyo darasa likiwa la watoto wanaobahatisha sana, ile tofauti ya 8 na 13 chini kule usiijengee hadithi.

Sasa niseme kitu ambacho watu wakishajifunza hii hesabu wanakisahau. Hiyo 3.4 tuliyoipata ni kosa la kuchagua maswali tu. Halijahesabu kosa la siku, mtoto katembea kutoka kijijini na mvua ya mwezi wa nne, kafika kalowa, hajanywa chai, ama homa imeanza jana yake. Hilo huwezi kuliona kwa mtihani mmoja, inabidi uwape tena mtihani unaofanana baada ya wiki mbili hivi ndo uone maksi zinavyokubaliana. Na halijahesabu kosa la msahihishaji. Hisabati ya kupata au kukosa msahihishaji hana nafasi kubwa ya kuharibu, lakini insha ni balaa. Pale kwetu tulishawahi kuchukua insha moja ya Kiswahili, mtoto kaandika kuhusu siku ya gulio, tukaficha jina, tukatoa kopi tano, walimu watano kila mtu kivyake. Kati ya 20 zilitoka 9, 11, 12, 15 na 16. Aliyetoa 9 alisema mwandiko mbaya na alama za uandishi hakuna, aliyetoa 16 alisema huyu mtoto kanifikisha sokoni, nimesikia mpaka harufu ya samaki wa Kyela. Wote wawili ni walimu wazuri. Tulikaa pale ofisini kimya kidogo, maana kila mmoja wetu alikuwa anawaza insha zote alizoshasahihisha peke yake usiku kwa tochi ya simu.

Sio sisi tu. Francis Edgeworth aliandika mwaka 1888 huko Uingereza kuhusu bahati iliyomo kwenye maksi za mitihani kwa sababu ya wasahihishaji kutofautiana. Mwaka 1912 kule Marekani, Starch na Elliott walituma karatasi ileile ya Kiingereza kwa walimu zaidi ya 100 wa shule tofauti, kati ya 100 zikarudi maksi kuanzia 64 mpaka 98. Watu wakasema ah hiyo ni lugha, mwaka uliofuata wakatuma jiometri, na yenyewe ikarudi wengine wametoa chini ya 30 wengine zaidi ya 90, karatasi moja. Ndo maana Necta, Baraza la Mitihani la Tanzania, mtahiniwa anaandika namba badala ya jina, na msahihishaji anapewa swali lake analisahihisha karatasi kwa karatasi badala ya kusahihisha mtoto mzima, ili ukali wa mtu mmoja usimwangukie mtoto mmoja peke yake. Shule ya kawaida inaweza kuiga hilo bila shilingi hata moja.

Kuna na kosa la aina ingine kabisa ambalo hesabu zote hizi hazilioni. Mkulima wa viazi wa Uyole ama Njombe anaijua lumbesa. Gunia limejazwa mpaka likashonewa kilemba juu, na kila gunia liko hivyohivyo. Ukipima magunia kumi yote yatakubaliana vizuri, uthabiti wa hali ya juu, na yote yanamwibia mkulima. Mtihani nao unaweza kuwa lumbesa. Mtoto katoka shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kafika kidato cha kwanza anaulizwa fizikia kwa Kiingereza, kila mara atakosa kwa sababu hajaelewa swali, na atakosa vilevile leo, kesho na keshokutwa. Kanuni ya 21 itakuambia mtihani wako ni imara. Ni imara kweli, ila unapima Kiingereza. Hiyo inataka jicho la mwalimu, ukae na mtoto umuulize swali hilohilo kwa mdomo kwa Kiswahili uone.

Nirudi kwenye hili la kupanda na kushuka, maana linafanya shule zijidanganye. Mtoto aliyepata 45 kati ya 50, kwenye mtihani wenye uthabiti 0.82 na wastani 28, makadirio mazuri ya maksi yake ya kweli sio 45. Truman Kelley, mtaalamu wa vipimo wa Marekani, ndo aliyeacha hii njia: chukua umbali wake kutoka kwenye wastani, 17, zidisha na 0.82 unapata 14, ongeza kwenye 28, ni 42. Yani wa juu kabisa kwa kawaida alisaidiwa na bahati kidogo, na mtihani ujao atashuka kidogo bila kosa lake. Na aliyepata 12, kwa hesabu hiyohiyo yuko karibu na 15, atapanda kidogo hata usipomfanya chochote. Francis Galton aliiona hali ya namna hii mwaka 1886 kwenye urefu wa wazazi na watoto wao.

Sasa ona tunachofanya. Matokeo ya moko yametoka, kumi wa mwisho tunawaita, wanachapwa ama wanapelekwa kambi, mtihani unaofuata wengi wao wamepanda, tunasema fimbo imefanya kazi. Kumi wa kwanza tuliwapa madaftari na kupigiwa makofi, wameshuka, tunasema zawadi zimewalewesha. Sehemu ya hiyo kupanda na kushuka ingetokea hata tungekaa kimya. Mimi nimeshaona watoto wakichapwa kwa mahesabu haya, na nasema kwa uchungu, ukitaka kujua kambi inasaidia wachague baadhi ya wale wa chini uwapeleke na wengine wa chini hivyohivyo wabaki, alafu linganisha hao kwa hao.

Hata shule zinapopangwa kimkoa mambo ni hayo. Shule ya watoto 18 kule milimani Makete na shule ya watoto 200 ya mjini haziyumbi sawa. Watoto watatu tu wenye akili kali wakitokea mwaka mmoja kwenye ile ndogo wastani unaruka, mwaka unaofuata hawapo unaanguka, na mwalimu mkuu aliyepongezwa anaitwa ajieleze. Wastani wa wengi unatulia, wa wachache unarukaruka, ndo tabia yake.

Basi yule mama nilimfungulia karatasi zote mbili za binti yake, tukaweka mezani. Nikamwonyesha makosa badala ya jumla. Mwezi wa tatu maswali aliyokosa mengi ni ya sehemu, mwezi wa tano vilevile, kujumlisha na kutoa yuko safi, maumbo yuko safi, vipimo vya uzito yuko safi kuliko darasa zima, nadhani kwa sababu ya kukaa dukani. Mama akashika karatasi akaangalia ile 3/4 kutoa 2/5 ambayo binti alijibu 1/1. Kachukua 3 akatoa 2 juu, kachukua 5 akatoa 4 chini. Makosa ya sehemu yote yana sura hiyohiyo. Mama akasema, "Kumbe ni kitu kimoja."

Nikamwambia ndiyo mama, ni kitu kimoja, nipe wiki tatu niwe namfundisha sehemu jioni pamoja na wenzake sita wenye shida ileile, alafu nitawapa mtihani mwingine, shamba liacheni kwanza. Akauliza sasa baba yake nimwambie nini, yeye anataka namba. Nikachukua ile ripoti ya mwezi wa tano, pembeni ya 26 nikaandika kwa kalamu ya bluu: "Mitihani miwili pamoja: 27 na nusu. Uwezo wake kwa sasa uko kati ya 23 na 32." Akaisoma mara mbili, akakunja ripoti akaiweka kwenye kibindo, akaniambia nipite dukani Jumamosi, kuna mzigo mpya umeingia kutoka Kyela na yeye ameshauchoma mara tatu.